Mwenye Boti wa Nne

Maji ya Chai,
3 Juni 2024

Mwanangu Aikande,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo. Baridi imeanza na ng'ombe mweusi amezaa dume. Najua una simu na mimi ninayo, shangazi yako Anyesi ananikumbusha kila siku. Lakini mtu aliyekaa dirishani posta miaka ishirini na saba akigonga mihuri barua za wenzake hawezi kuzeeka bila kuandika zake. Tena simu yangu inasema kwa sauti kubwa hadi jirani anaijibu. Kwa hiyo nitaandika, na bahasha itakuja na basi pamoja na mkungu wa ndizi mshare.

Vile vikombe ulivyomtumia Anyesi vimefika. Viwili vimevunjika, lakini kile kitabu cha picha za boti ulichovifungia kimefika kizima, na mimi ndiye niliyekichukua. Nimekisoma mara tatu. Ukurasa wa tisa kuna boti nyeupe yenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Nilikaa nayo kibarazani nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Asubuhi za Juni unazikumbuka. Mawingu yanalala chini yetu, mji wa Usa hauonekani, barabara haionekani, kinachobaki ni kilele cha Kilimanjaro kule ng'ambo na sisi huku. Basi nilijiona nimeketi kwenye ile boti ya ukurasa wa tisa. Nimeiteremsha taratibu kutoka kwenye migomba, napita juu ya soko bila mtu kujua, nauona msalaba wa kanisa umechomoza peke yake, naukwepa, naendelea kushuka mpaka kwako Tanga. Nilirudi Anyesi aliponiita kwamba ndama anatafuna shati langu kwenye kamba.

Sasa nataka kujua. Mtu wa kawaida anaipataje boti? Nieleze kama unavyomweleza mteja. Miaka sita sijawahi kukuuliza unafanya nini huko, na kosa hilo ni langu. Ulipoacha chuo cha uuguzi nilisema umeacha kutibu watu ukaenda kutibu mapipa. Neno lile bado ninalo kooni.

Baba yako,
Aminiel


Tanga,
12 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi hapa karakana. Nikaisoma tena, halafu nikamwambia Fundi Mbwana kwamba vumbi la msasa limeniingia machoni. Ni mtu mzima, hakuniuliza vumbi gani wakati siku ile hakuna aliyepiga msasa.

Umeuliza kama mteja, nakujibu kama mteja. Ile ya ukurasa wa tisa uisahau. Huagizwa mpya kutoka nje, inakuja juu ya meli kama mzigo, na anayeinunua haulizi bei. Ana nahodha, ana mtu wa kufuta vioo, na yeye mwenyewe anaipanda mara mbili kwa mwaka. Chini yake kuna hizi zetu tunazoziunda hapa kwa faiba, mita saba, injini moja nyuma, nafasi ya watu sita na turubai la kivuli. Hiyo mtu anaweza kuimiliki peke yake. Ila siku ya kununua ndiyo rahisi. Boti inakula kama ng'ombe, hata siku ambayo haikamuliwi.

Wapo wanaojiunga na klabu. Wanalipa kwa mwaka, wanachukua boti yoyote iliyopo, lakini hawawezi kuiita yao. Na wapo wanaoingia ubia, watu wanne boti moja, kila mmoja ana wiki zake kwenye kalenda. Huo ndio ninaoupenda mimi, kwa sababu boti haikai bure ikisubiri mtu mmoja apate nafasi. Ubia ukivunjika huwa ni kwa sababu ya watu, bahari haihusiki.

Na mimi kazi yangu, kwa kuwa umeuliza, ni injini. Boti ikikamilika mimi ndiye ninayetoka nayo kuijaribu. Natoka kumepambazuka tu, maji yametulia kabisa, nikifika mbali nazima. Kimya kinachofuata ni kile cha shambani kwetu baada ya mashine ya kahawa kuzimwa. Nakaa pale dakika kumi, omo imeelekea bara, najifanya nakagua mafuta. Sijamwambia mtu hapa, lakini huwa natafuta mlima. Hauonekani, ni mbali mno, lakini natafuta.

Neno la mapipa nilishalisahau, Baba. Uongo. Sijalisahau, ila leo limepungua uzito.

Mwanao,
Aikande


Maji ya Chai,
24 Juni 2024

Ndugu Efraimu,

Bwana asifiwe. Asante kwa kutoka Moshono kuja kunichukua, na kwa kukaa na mimi kwenye benchi la hospitali kutwa nzima. Maneno ya daktari nimelala nayo siku tatu. Tezi dume imevimba, inabana, mkojo unabaki ndani. Ipasuliwe kabla Agosti haijaisha, la sivyo utarudi kwenye figo na hapo hatakuwa na la kufanya. Nimeelewa kila neno. Lakini kuelewa siyo kukubali. Kaka yangu Ndesanjo aliingia chumba kile kwa miguu yake na tukamtoa amefunikwa. Najua ilikuwa zamani na ugonjwa ulikuwa mwingine. Usinifundishe.

Nakuomba jambo moja. Aikande asijue. Mambo ya sehemu ile baba hayazungumzi na binti yake. Tena mtoto mwenyewe ndiyo kwanza ameanza kuniandikia kwa furaha. Akijua atakuja kwa huruma, na mimi nataka siku akija aje kwa sababu amenikumbuka.

Kwa sasa nasoma habari za boti. Nikizisoma, lile lingine silikumbuki.

Wako,
Aminiel


Maji ya Chai,
25 Juni 2024

Mwanangu Aikande,

Barua yako imesomwa mpaka mikunjo imeanza kupasuka. Ila umeandika kwamba omo imeelekea bara. Kwetu huku omo ni sabuni ya kufulia. Nilimwuliza Anyesi, akasema labda mnaosha boti kabla ya kurudi. Nikaenda kwa mwalimu Sifaeli, akafungua kamusi, akaniambia ni mbele ya chombo. Umekuwa mtu wa Tanga kabisa. Usiache kuandika hivyo, napenda kukutafuta ndani ya maneno.

Ubia umenivutia. Boti mpya naiogopa, nitakuwa naivulia viatu. Je, hakuna iliyozeeka kidogo, ya watu wenye subira?

Leo tena mawingu yamejaa. Nimekaa kibarazani nikahesabu vituo. Nikitoka hapa King'ori nitaipita kushoto, kule uwanja wa ndege nitainama, halafu nitafuata safu ya Upare kama mtu anayefuata uzio wa jirani. Kufika kwako itakuwa saa ya chakula cha mchana. Nisubiri na ugali.

Baba yako,
Aminiel


Tanga,
6 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Umeuliza kama kuna yenye umri. Ipo, na tangu niliposoma barua yako sijamwonyesha mtu mwingine. Ni ya mita nane, kuukuu, lakini mwili wake umenyooka na rangi yake ya kijani bado ina heshima. Watu watatu wamekwisha kuingia ubia: daktari mmoja wa meno, mama mwenye duka la vitenge, na mwalimu mstaafu. Anatafutwa wa nne.

Ila sitakuficha kitu. Tatizo liko kwenye tezi. Kwa nje huoni, inaonekana nzima kabisa. Lakini kwa miaka maji yamekuwa yakirudi ndani kidogo kidogo, na Fundi Mbwana alipogonga kwa kidole akajua. Amesema lazima ipasuliwe, kilichooza kitolewe chote, na iwe kabla ya Agosti kwisha. Ikiachwa hivyo, maji yatafika yasikotakiwa na hapo hakuna fundi.

Wenyewe waliogopa. Wanasema mbona inakwenda tu. Wenye vyombo vya zamani ndivyo walivyo, Baba, wanaona hata aibu mtu kupaangalia. Lakini mimi nimeshuhudia tezi kumi na moja zikipasuliwa, na zote ziko majini leo. Fundi mwenyewe mikono haimtetemeki. Wiki mbili tatu za kukauka, halafu hutajua kama iliwahi kuguswa.

Nisingependa uikatae kwa sababu ya jambo hili moja. Fikiri, halafu unijibu.

Mwanao,
Aikande


Maji ya Chai,
12 Julai 2024

Efraimu,

Umemwambia. Nimeisoma barua ya mtoto nimesimama barabarani kwa kondakta, ikabidi nikae juu ya gunia la mtu. Safari hii sikuhitaji kamusi ya mwalimu Sifaeli. Ametaja tezi kwa jina lake. Ametaja maji kurudi ndani. Ametaja Agosti. Ameyaweka yote kwenye boti ili mimi nisione haya, akaniita chombo cha zamani, na mwisho akaniambia nisikatae.

Nilikukataza. Miaka hamsini tunajuana, tangu darasa la kipaimara, na jambo moja nililokuomba limekushinda.

Aminiel


Moshono,
13 Julai 2024

Aminiel,

Sijamwambia Aikande wala mtu yeyote. Hata mke wangu Prisca mpaka leo anajua siku ile tulikwenda mjini kutafuta spea ya pampu, na amekuwa akiniuliza pampu iko wapi. Kama binti amejua, amejua kwa njia yake. Alisoma uuguzi mwaka mzima, huwezi kumficha mtu huyo kwa kumwandikia habari za mawingu.

Kukasirika kasirika tu, nakujua. Lakini mtoto amejitahidi kutafuta njia ya kulisema asikuvunjie heshima. Yeye ameweza kulisema. Wewe utashindwa kulijibu?

Niambie tarehe nije na gari.

Efraimu


Maji ya Chai,
17 Julai 2024

Mwanangu Aikande,

Nimekaa siku tano na barua yako. Kwanza nilikasirika, si kwako. Halafu nikaisoma tena polepole, nikaona jinsi ulivyoliweka jambo zito mahali ambapo naweza kulitazama bila kuinamisha uso. Sikujua kama nina mtoto mwenye adabu ya namna hii. Mama yako angekuwapo angenicheka, maana yeye alijua siku zote.

Jibu langu ni hili. Nimekubali. Ipasuliwe.

Sikufichi, naogopa. Nimekuwa na hofu hii tangu Pasaka na nilikuwa najitia moyo kwa picha za boti. Umeandika kwamba kumi na moja ziko majini leo. Mstari huo nimeuchana kwenye barua nimeuweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Wewe chagua tarehe, mimi nitaifuata, kwa sababu nikiachiwa mwenyewe nitaisogeza mpaka Krismasi.

Naomba tusilizungumze kwenye simu. Na siku tutakapoonana tusilizungumze pia. Hivi tulivyoandika inatosha.

Baba yako,
Aminiel


Tanga,
26 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Umekubali. Nimezunguka karakana nzima nikimwambia kila mtu, mpaka mlinzi. Sikutegemea. Nilijua utaandika kwamba ni ndoto za kibarazani tu na yaishie hapo, na mimi ningeridhika, kwa sababu zimenirudishia baba.

Nimekwisha kukuandikisha. Wewe ndiye mwenye boti wa nne. Usihangaike na malipo, nimekubaliana na wenzako kwamba kufunga injini na kuitunza ni kazi yangu, na kazi hiyo ndiyo mchango wako. Wiki yako ni ya pili ya Desemba. Wamesema pia kwamba jina la boti utalichagua wewe, kwa kuwa wao watatu wamegombana juu yake tangu Mei.

Tezi itapasuliwa Jumatano, tarehe 14 Agosti, saa tatu asubuhi. Nitakuwapo tangu mwanzo mpaka mwisho. Usiogope. Kila mtu wa bara huogopa mara ya kwanza, mimi mwenyewe nilitapika. Ukishapita hapo hutaamini kwamba uliwahi kuhofu.

Umeandika mambo mengine kwa uzito sana, Baba, mengine sikuyaelewa vizuri. Lakini nimefurahi mno kwamba uliuliza.

Mwanao,
Aikande


Moshono,
15 Agosti 2024

Aikande, mwanangu,

Hujambo. Mimi ni Efraimu, rafiki wa baba yako. Nakuandikia kwa sababu alinikataza kupiga simu, na barua hii nimempa dereva wa basi mkononi ili uipate kesho.

Jana Jumatano saa tatu asubuhi, kama ulivyopanga, baba yako alifanyiwa upasuaji wa tezi dume. Daktari alitaka iwe Ijumaa, mzee akakataa, akasema binti yangu amechagua Jumatano na atakuwa pamoja nami moyoni. Alitoka saa tano na nusu. Damu ilisumbua jioni ikatutia wasiwasi, lakini leo imetulia na ameomba bakuli la mtori. Daktari anasema figo zimenusurika kwa tofauti ya siku chache tu. Angengoja Septemba, tungekuwa tunazungumza mengine.

Nataka kukushukuru. Mimi nilimsihi karibu mwezi mzima, mchungaji alimsihi bila kujua anamsihi nini, hatukufua dafu. Barua yako moja ndiyo iliyomtoa kibarazani. Aliingia nayo wodini, iko chini ya mto wake. Sijui ulijuaje, na sikuulizi.

Baba yako mdogo,
Efraimu


Ndani ya basi, tumepita Same,
16 Agosti 2024

Baba,

Nakuandikia kwenye karatasi ya risiti za spea kwa sababu nikifika nitashindwa kusema, na wewe ulisema tusilizungumze. Nitaiweka chini ya mto wako ukiwa umelala.

Sikujua. Naapa sikujua chochote. Tezi niliyokuandikia ni ya boti, Baba. Huku kwetu Tanga tezi ni nyuma ya chombo, kama omo ilivyo mbele. Nilikueleza mbao zilizooza chini ya faiba, hakuna zaidi. Jana asubuhi, wakati wewe unasubiri barua ya Efraimu inifikie, mimi nilikuwa nawasimulia watu kwamba tezi imetoka salama na kilichooza kimejaa ndoo mbili. Saa ile ile ya Jumatano, Baba, uliyolala pale ukijua niko nawe, nilikuwa nimeshika taa nikimmulikia Fundi Mbwana, naimba.

Umenisifu kwa adabu ambayo sikuwa nayo. Umenisifu kwamba nimekuonea huruma kwa akili, na mimi nilikuwa nauza boti. Nimerudia barua zako zote tangu Korogwe. Ulisema unaogopa nikakujibu habari za kutapika. Ulisema tangu Pasaka, nikapita tu. Mtu aliyesoma uuguzi hata mwaka mmoja alipaswa kusimama pale.

Ningejua ningekuja. Nisingekuandikia vizuri vile, ningelia na kukugombeza, na labda ungeniambia niondoke kama ile mara nilipoacha chuo, lakini ningekuja. Nisamehe. Mlima umeanza kuonekana dirishani na sitaki kuutazama.

Aikande


Maji ya Chai,
3 Septemba 2024

Mwanangu Aikande,

Umeondoka juzi na nyumba imekuwa kubwa. Anyesi anaendelea kupika ugali wa watu watatu. Natembea mpaka kwenye mti wa kahawa wa mwisho na kurudi, na usiku wa jana nililala moja kwa moja mpaka jogoo. Nimekusimulia hili kwa sababu huu ni usiku wa kwanza wa namna hiyo tangu nikumbuke.

Siku kumi na sita ulizokaa hapa tumezungumza habari za ndama, mbolea, na bei ya kahawa. Umeniosha miguu na mimi nimekuangalia. Kila nilipotaka kufungua mdomo nilikumbuka kwamba mimi ndiye niliyekataza. Kwa hiyo nimengoja uondoke niandike, maana barua ndipo mahali ambapo mimi na wewe tunaweza.

Karatasi yako ya risiti niliiona asubuhi iliyofuata. Lakini nilikuwa nimekwisha kujua. Siku moja kabla hujafika, muuguzi wa zamu alikuta ile barua ya Julai chini ya mto wangu, nikajivuna, nikamwomba aisome asikie jinsi binti yangu anavyojua kusema na mzee. Kumbe ni mwenyeji wa Pangani, baba yake alikuwa nahodha. Alipofika kwenye tezi alianza kutabasamu, alipofika kwenye fundi anayegonga kwa kidole akaketi kwenye kitanda cha jirani. Akaniambia, "Mzee, huyu mtoto anakuelezea boti."

Nilikasirika muda wa kunywa chai moja. Niliona nimejivua nguo sokoni. Niliyapitia yote moyoni, lile la adabu, lile la mama yako, mpaka masikio yakawaka moto. Halafu chai ikaisha, daktari akapita na makaratasi yake, akasema tena lile la siku chache. Nikahesabu. Kama ningekuwa mtu wa pwani, ningeisoma barua yako vizuri kabisa, ningekujibu kuhusu mbao, na leo Efraimu angekuwa anakuandikia barua nyingine.

Kwa hiyo usiniombe msamaha. Unasema ulikuwa unauza boti tu. Nimeisoma tena barua ile, sasa kwa Kiswahili cha Tanga. Umeandika "sitakuficha kitu." Umeandika "nisingependa uikatae." Hakuna muuzaji anayemwambia mteja ubovu kabla ya uzuri, labda awe anamwuzia baba yake. Mimi niliisoma kwa makosa, lakini aliyeandika nilimjua sawasawa.

Na lile neno la mapipa nalifuta. Nilikutaka uwe nesi, ukaenda kwenye boti, na ukanitibu ukiwa huko huko. Nimemwambia mchungaji, nimemwambia Efraimu, na kesho nitamwambia mwalimu Sifaeli akiwa na kamusi yake.

Sasa mambo ya boti. Daktari ameruhusu Desemba, ila nisinyanyue kitu. Anyesi anasema haji, halafu ameuliza kama huko kuna baridi. Jina nimelipata. Iite Maji ya Chai. Waeleze hao wenzangu watatu kwamba ni mto wa kwetu, na maji yake ni ya rangi ile tangu enzi za babu. Wakicheka waache wacheke, jina liliachwa kwangu.

Leo mawingu yamekaa chini kama kawaida. Nimetoka kibarazani na kikombe nikayatazama muda mrefu, lakini safari hii sikupanda boti ya ukurasa wa tisa. Nilipanda hii ya kijani. Nilikuona umezima injini, umejifanya unakagua mafuta, unatafuta mlima, na mimi niko ndani nakuonyesha kwa kidole upande uliopo.

Ombi langu la mwisho ni kuhusu nafasi ya kukaa. Omo waachieni daktari wa meno na mama wa vitenge, wao wana macho ya kutazama mbele. Mimi niwekee mto nyuma, kwenye tezi. Nataka kuegemea pale palipopasuliwa.

Baba yako,
Aminiel,
mwenye boti wa nne